Kabla ya Kubisha Hodi kwa Mfadhili

Ndugu zangu wa vikundi na asasi, kuomba msaada si aibu. Aibu ni kuomba kwa ajili ya jambo usilolijua, kisa fedha zake zimetangazwa.

Wafadhili wapo, na wengine ni wa hapa hapa nyumbani. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 2002, mwaka ule ule ilipotungwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Imetoa ruzuku kwa asasi nyingi za mikoani, zikiwamo zinazofuatilia matumizi ya fedha za umma. Lakini sisi tumezoea nini? Likitoka tangazo la afya, kikundi cha mazingira kinageuka cha afya. Mwakani likitoka la vijana, kinageuka cha vijana. Andiko la mradi linaandikwa na mtu wa kukodi asiyekijua kijiji. Mfadhili akija kuuliza, mwenyekiti anamtazama katibu, na katibu anamtazama mweka hazina.

Yafaa tuelewe kuwa mfadhili wa masuala ya sera hagawi chakula cha njaa. Anataka kujua ni utaratibu gani umekwama, umekwamia wapi, na nani anaweza kuukwamua. Tuchukue mfano wa wazee. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Kikundi kikiandika kwamba wazee wanateseka, kimesema kweli, lakini hakijampa mtu yeyote pa kuanzia. Kikija na daftari linaloonyesha tarehe mzee alipofika zahanati, dawa aliyoandikiwa, jibu alilopewa dirishani na fedha alizolipa duka la dawa, hapo kimeleta hoja. Halmashauri haiwezi kuipuuza, na mfadhili ataisoma hadi mwisho. Daftari hilo halihitaji ruzuku. Linahitaji kalamu, ridhaa ya wazee wenyewe, na mwanachama mwenye subira.

Pamoja na daftari hilo liwepo la pili, la mapato na matumizi. Ada za wanachama ziandikwe, risiti zitunzwe, mihtasari ya vikao isainiwe. Asiyeweza kueleza ilikokwenda michango ya wanachama wake, nani atamkabidhi mamilioni?

Tena, tusiegemee mlango mmoja. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likakoma kuendesha misaada hiyo. Watumishi wengi wa miradi walirudi nyumbani kabla ya mikataba yao kwisha. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Basi, viongozi wa vikundi, iteni kikao mwezi huu. Chagueni tatizo moja mnalolijua kwa macho yenu, fungueni madaftari mawili, anzeni kazi kwa senti zenu wenyewe. Kisha nendeni mkaombe, na mwombe bila woga.