Nakala Yangu Si Mimi

Derek Parfit, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika mwaka 1984 kwenye Reasons and Persons kuhusu mashine fulani. Unaingia, inasoma kila seli ya mwili wako, inakuharibu, halafu kwenye sayari ya Mars kunatengenezwa mtu kama wewe kabisa, na kumbukumbu zako zote. Eti hiyo ni karibu sawa na kuendelea kuishi.

Zii. Parfit mwenyewe anatoa kisa kingine: mashine haikuui papo hapo. Inaharibu moyo, unabaki na siku chache tu, na nakala yako iko Mars, buheri wa afya. Mnaweza hata kuongea. Sasa niambie, hayo maumivu ya kifua ni ya nani?

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mtasema sijasoma vya kutosha kumpinga mtu wa Oxford. Sawa. Lakini huyo jamaa akirudi Nairobi, mamangu atamkumbatia, atampikia chapati, na hatajua. Wenzangu huniambia hapo ndipo ninashindwa: kama mama haoni tofauti, basi hakuna tofauti. Mimi hapo ndipo ninaogopa. Nitakuwa nimekufa, na hakuna hata mmoja atakayenililia.