Kanada, Mtoto Asiye na Ada Atachezea Wapi?

Wasee, hizi sifa za soka ya Kanada zimezidi. Eti nchi imeamka, eti Toronto na Vancouver zimepewa mechi 13 za Kombe la Dunia 2026. Sawa, poa. Lakini uwanja haumfunzi mtoto kupiga chenga.

Kila mtu akitaka kusifu huko lazima amtaje Alphonso Davies. Basi tumwangalie vizuri. Alizaliwa mwaka wa 2000 katika kambi ya wakimbizi ya Buduburam, Ghana, wazazi wake wakiwa wametoroka vita Liberia. Akafika Kanada akiwa na miaka 5, akakulia Edmonton. Unajua nani alimshika mkono? Si shirikisho. Ni Free Footie, ligi ya bure ya watoto wa shule, ya wale ambao nyumbani hakuna pesa ya usajili, viatu wala nauli. Toa hiyo ligi hapo, uniambie Bayern Munich wangemjulia wapi.

Kwa sababu kawaida ya huko ni kulipa. Mzazi analipa usajili wa klabu, analipa jezi, analipa safari za mashindano, na baridi ikiingia bado kuna uwanja wa ndani wa kulipia. Mama anayepiga shifti mbili atatoa wapi? Wakenya mlio huko mnaijua hii stori kuliko mimi.

Halafu mtu aniambie pesa hakuna. Manze, 2018 shirikisho liliipa kampuni ya Canada Soccer Business haki za matangazo na udhamini wa timu za taifa, mkataba wa miaka mingi. Najua mpango huo uliibeba Canadian Premier League iliyoanza 2019, na hiyo ligi ina sheria ya kuchezesha vijana wa chini ya miaka 21. Hiyo nawapa. Lakini Juni 2022 wanaume waligoma kucheza na Panama, mechi ikafutwa saa chache kabla ianze. Februari 2023 wakagoma wanawake, hao hao walioleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Tokyo! Na mabingwa hao hawakuwa na ligi ya kulipwa nyumbani hadi Northern Super League ilipoanza Aprili 2025, ikipiganiwa na Diana Matheson, mchezaji wao wa zamani. Tena si shirikisho.

Kwa hivyo pesa yoyote itakayobaki baada ya Kombe la Dunia isiishie kwa ofisi na suti. Shule za Scarborough, za Surrey, za Edmonton zipate ligi ya bure, basi la kubeba watoto, na kocha anayelipwa. Ikibaki chenji, ndio wanunue droni ingine kama ile ya Paris 2024 iliyochungulia mazoezi ya New Zealand ikawapotezea pointi 6.