Nipeni gemu inayonipiga, si inayonila

Nimechoka kuwasikia vijana wa Kintinku wakisema kwamba gemu ngumu zimepitwa na wakati. Wanayasema hayo wakiwa benchi moja kwenye banda la gemu, pedi zimelala, kila mmoja kainamia simu yake anasubiri kindege cha Aviator, ile kamari ya simuni, kipae. Eti gemu ya kukuua kila dakika ni mateso, mtu anataka kupumzika. Kupumzika gani huko, mikono inatetemeka na hela ya mpunga inayeyuka?

Ladha imebadilika, hilo nalikubali. Ninachokataa ni uongo kwamba imebadilika kwa sababu watu wamechoka na ugumu.

Waliokulia kwenye zile mashine za Kichina za kaseti za njano wanaikumbuka Contra. Roho tatu, risasi moja inatosha kukumaliza, na hakuna kusevu. Konami wenyewe walificha humo mkato wa vitufe wa kukupa roho 30, na mkato huo ulisambaa kwa midomo tu, hadi kwa watoto ambao hawajawahi kuliona jarida lolote la gemu. Ikaja PlayStation 2, ikaja PES, gemu ya mpira, na mabanda yakawa na sheria moja isiyoandikwa popote: anayefungwa anaachia pedi. Sheria hiyo ilikuwa na faida ambayo hakuna aliyeitangaza. Ukishafungwa huendi kulia nyumbani. Unasimama nyuma ya aliyekufunga, unamtazama vidole, unagundua kwamba kila akifika pembeni anapiga krosi. Zamu yako ikirudi unamsubiri palepale. Umeme ukikatika katikati ya mechi, na hukatika hasa ukiwa unaongoza, mnabaki gizani mnabishana nani alikuwa anashinda.

Wala nisiwapambe watengenezaji wa zamani. Ugumu wao nao ulikuwa na tumbo. Space Invaders ya mwaka 1978 ilitengenezwa kwa ajili ya mashine ya kutumbukiza sarafu, na kila ukifa unatoa nyingine. Lakini aliyejifunza aliweza kusimama pale na sarafu moja, akacheza hadi mwenye mashine akanuna. Ujuzi wako ulikuwa hasara yake. Huo ndio mpaka ninaoupigia kelele: je, nikiwa hodari kesho kuliko leo, mchezo huu utanitambua?

Mwaka 2019 Sekiro ya FromSoftware ilipotoka, dunia nzima ya wachezaji iligombana kama iwekewe kiwango rahisi au la. Wapo walioulinda ugumu ule kama shamba la urithi, na hao nao wananiudhi. Celeste ya mwaka 2018 ni ngumu kama mfupa, lakini waliitengenezea njia ya mchezaji kupunguza kasi au kutokufa kabisa, na hakuna aliyepungukiwa kitu. Mwenye mkono mmoja acheze anavyoweza. Kinachoniuma si urahisi. Na wanaosema watu hawautaki ugumu tena wajibu hili: Elden Ring, gemu ya mwongozaji huyohuyo wa Sekiro, Hidetaka Miyazaki, ilitoka Februari 2022 na ndani ya wiki tatu nakala milioni 12 zilikuwa zimeshatoka madukani. Nani aliyewashikia fimbo?

Halafu tusijifanye ugumu ni kitu cha Wajapani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi za kunamua. Huwezi kuweka hata moja bila kuona mapema itazunguka wapi, itakula nini, italala shimo gani. Mafundi wa Zanzibar waliandikiwa tasnifu nzima na Mholanzi Alex de Voogt mwaka 1995, akishangaa akili zao zinafika wapi. Hajawahi kutokea mzee kivulini akasema, babu, nipe mia tano nikuongezee kete mbili. Angefukuzwa na mkongojo.

Sasa tazama tulicholetewa. Candy Crush inakupa roho tano. Zikiisha unasubiri nusu saa kwa kila moja, au unalipa. Ugumu pale ni mlango wa duka. EA, watengenezaji wa gemu ya mpira ya FIFA, wakaanzisha Ultimate Team mwaka 2009, unanunua pakiti usiyojua ndani kuna mchezaji gani, na mwaka 2018 Ubelgiji ikatamka kwamba hiyo ni kamari. Kufika mwisho wa Januari 2019 EA walikuwa wameacha kuuza pointi zao za kununulia pakiti nchini humo. PES yetu nayo ikabadilishwa jina mwaka 2021 ikawa eFootball, ya bure, na kila mwenye banda anajua bure hiyo inaishia wapi. Kijana aliyekuwa anasoma vidole vya mwenzake sasa anasoma bei.

Na hiyo bado ni afadhali. Mwisho wa njia hiyo ni dubwi linalomeza sarafu kwenye kona ya duka, na Aviator kwenye simu. Hapo hakuna ugumu wala urahisi. Kindege kitapotelea wapi, kompyuta imeshaamua kabla hakijaruka. Ungekikodolea macho tangu mavuno hadi mavuno usingekuwa hodari kuliko aliyeanza leo asubuhi. Huwezi kusimama nyuma ya dubwi ukajifunza vidole vyake. Na hiki ndicho vijana wale wa bandani wanachokiita mapumziko, baada ya kuilalamikia Sekiro kwamba inawaonea! Sekiro ikikuua inakuonyesha ulipokosea. Dubwi linakula na kunyamaza.

Serikali ina sheria ya michezo ya kubahatisha tangu mwaka 2003, ina Bodi, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Bango lenye namba hiyo nimeliona ukutani. Chini yake alikuwa amesimama mtoto mwenye kaptula ya shule, akihesabu sarafu, na mwenye mashine akimpisha mbele ili afikie tundu. Wenye mabanda msiniambie biashara ni ngumu. Biashara ya pedi ilikuwa ngumu tangu mwanzo, na mliiendesha.

Ila hasira yangu kubwa naiweka kwa wazazi wenzangu wa hapa, kuanzia barabara kuu ya Dodoma hadi ng'ambo ya reli. Akionekana kijana wenu kashika pedi mnakuja na fimbo, mnamwita mhuni mbele ya watu, mnamtoa kwa kumburuta. Jioni hiyohiyo, kwenye mkeka wa chakula, mnamuuliza kaka yake kwa sauti ya upole kama mkeka wake wa kubeti wa jana umetiki. Umechanika, mama. Umechanika tena, kama wiki iliyopita. Hizo fimbo zikiwawasha mkononi, anzeni na huyo wa mikeka. Mdogo wake mwacheni amalize mechi: anafungwa mbili bila, zimebaki dakika kumi, na ndiyo kwanza amegundua jamaa anapenda krosi.