Kodi ya Mshahara ni Amana

Kila apitaye Tunduma hushuhudia jinsi biashara zinavyochipuka kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia. Ofisi za mawakala wa forodha, nyumba za wageni, maghala ya nafaka na karakana za malori hufunguliwa mara kwa mara, hasa tangu kituo cha huduma za pamoja mpakani kati ya Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa rasmi mwaka 2019. Jambo hilo ni la kupongezwa, kwani huwapatia ajira vijana wengi wa Mkoa wa Songwe.

Hata hivyo, iko tabia moja ambayo hatuna budi kuikemea. Wapo wafanyabiashara wadhanio kwamba wakishapata namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, wajibu wao umekwisha. Wanasahau kwamba siku ile waajiripo mtu wa kwanza, wamekuwa waajiri.

Wajibu wa mwajiri si fumbo. Namba ya mlipakodi huombwa kwa Mamlaka ya Mapato katika siku 15 tangu biashara ianze, nayo hutolewa bure. Kodi ya mshahara, yaani Lipa Kadri Unavyopata, hukatwa kila mwezi na kuwasilishwa katika siku 7 baada ya mwezi kwisha. Aidha, mwajiri hujiandikisha NSSF na katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Afikishapo wafanyakazi 10, hulipa pia tozo ya kuendeleza ufundi stadi, tena kutoka mfukoni mwake.

Tutoe mfano. Karani alipwaye shilingi 400,000 kwa mwezi hukatwa 40,000 za NSSF, na mwajiri huongeza 40,000 nyingine. Katika 360,000 zinazosalia, 270,000 za kwanza hazitozwi kodi. Zilizozidi, yaani 90,000, hutozwa asilimia 8, ambayo ni shilingi 7,200. Je, hilo ndilo la kumfanya mtu aendeshe biashara yake kwa kujificha?

Fedha iliyokatwa katika mshahara si mali ya mwajiri. Ni amana. Aikataye kisha akaitia katika mtaji wake hakuikwepa Serikali tu, bali amemdhulumu mtu aliyemtolea jasho. Mpakiaji akiangukiwa na gunia, au mhudumu akizeeka kazini, ndipo dhuluma hiyo hudhihirika: jina lake halimo katika daftari lolote, na watoto wake ndio walipao gharama.

Lakini haki haina upande mmoja. Mfanyabiashara mchanga hulazimika kubisha hodi katika ofisi mbalimbali, kila moja ikiwa na fomu zake na tarehe zake. Tunawaomba wahusika wakae pamoja, wawe na dawati moja mjini Tunduma, na maofisa wao wapite madukani kuelimisha kabla ya kupita kutoza faini. Mtu aliyeelekezwa vema hulipa kwa moyo. Aliyetishwa hufunga mlango.

Nanyi wafanyakazi, msisubiri siku ya kuacha kazi ndipo muulizie michango yenu. Ulizeni mwezi huu. Mwajiri mwaminifu hataudhika kwa swali hilo, na asiye mwaminifu atajua kwamba anatazamwa.