Sudan III Haimjui Nguruwe

Katika bayolojia mnaponda chakula, mnachanganya na maji, mnatia matone ya Sudan III, mnatikisa na kuacha kitulie. Tabaka jekundu likielea juu, mafuta yamo. Nawasihi mjifunze kipimo hicho kwa bidii. Anayesema masomo hayo hayatuhusu Waislamu anawapotosha.

Lakini mafuta ya alizeti yetu ya Singida na ya nguruwe, yote hupata wekundu uleule. Rangi huonyesha kuwa mafuta yapo, haionyeshi yametoka wapi. Basi hata aliyepata alama zote maabara na asome pakiti ya biskuti. Ikiandikwa "mafuta ya wanyama" bila kumtaja mnyama, amuulize mwenye duka. Naye asipojua, airudishe.