Kikopey si nyama choma peke yake

Sisi watu wa Pwani tunaosafiri kwenda Nakuru, Kisumu au Busia tunakijua Kikopey kwa moshi wake. Ukishaipita Gilgil, kabla Ziwa Elementaita halijajitokeza vizuri upande wa kushoto, vibanda vya nyama choma vimejipanga kandokando ya barabara kuu na dereva mwenyewe hupunguza mwendo bila kuambiwa. Nami nimeshuka pale mara nyingi. Mbuzi wa Kikopey hana mfano, na hilo nalisema nikijua wapenzi wa mishkaki ya Mombasa watanikasirikia.

Lakini wasafiri ninaokutana nao pale hawajui kwamba dakika chache kwa gari kutoka kwenye majiko hayo kuna Kariandusi. Louis Leakey alianza kuchimba huko mwishoni mwa miaka ya 1920, na ardhi ikamtolea mashoka ya mkono ya mawe, mengine yamechongwa kwa lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, ambalo ni zao la volkano. Wataalamu wanakadiria umri wa zana hizo kuwa karibu miaka milioni moja. Kariandusi ni miongoni mwa sehemu za mwanzo Afrika Mashariki ambapo zana za aina hiyo zilikutwa zikiwa bado ndani ya tabaka la udongo zilimoachwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi, awe Kwale au Garissa, hulikariri jina hilo pamoja na Olorgesailie, Hyrax Hill na Gede. Hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha akapita mlangoni pake na asilitambue.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kwa sababu ya mradi wa kuipanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, inayopita papo hapo. Barabara pana ina faida yake, roho zimepotea nyingi mno katika njia ile. Ila magari yakienda kwa kasi, anayeumia kwanza ni muuzaji wa kando ya njia. Na tingatinga linapochimbua ardhi ya Bonde la Ufa, linachimbua ardhi yenye historia. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa ndani ya siku saba. Swali ni je, kibarua mwenye sururu atalijuaje jiwe hilo kuwa shoka, kama hakuna aliyewahi kumwonyesha shoka lenyewe?

Hapo ndipo ninapoona kasoro. Elimu ya turathi kwetu imekuwa kazi ya bango na tikiti. Maeneo mengi ya kihistoria niliyoyatembelea, Pwani na bara, maelezo yake yanatanguliza Kiingereza, tena Kiingereza cha chuo kikuu, ilhali Katiba katika kifungu cha 7 inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Mama anayegeuza nyama Kikopey hakuandikiwa bango lile. Mchunga mbuzi naye hakuandikiwa, na huyo ndiye mwenye nafasi kubwa ya kulikanyaga jiwe la kale kabla ya profesa yeyote.

Sisi Pwani tunaijua gharama ya kuachwa nje ya historia yetu. James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948, na kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni waliokuja na majahazi, mwenyeji akiwa mtazamaji tu. Ilibidi zije kazi za baadaye, zikiwemo za Wakenya George Abungu na Chapurukha Kusimba, na uchimbaji wa Shanga katika kisiwa cha Pate, ndipo picha ikabadilika na mizizi ya Waswahili ikaonekana ilipo. Wakati huo wazee wetu walikuwa wameshasoma kwamba nyumba za babu zao si zao.

Kariandusi ina somo jingine la leo kabisa. Karibu yake huchimbwa udongo mweupe, mwepesi, uitwao diatomaiti. Udongo huo ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini, yaani pale pakavu palikuwa ziwa. Wanasayansi wanaeleza pia kwamba takriban miaka elfu tisa hadi kumi iliyopita, Ziwa Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja kubwa. Mwaka 2020 maziwa ya Bonde la Ufa yalipofura na kuzamisha nyumba na shule, wengi tuliuliza kama ni laana au ni mkono wa mtu. Mtoto aliyeushika udongo ule mweupe na kuelezwa ulikotoka angekuwa na la kumjibu babake.

Kazi yenyewe haihitaji mabilioni. Vijana wa Kikopey wafunzwe kuongoza wageni kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Nakala za mashoka yale ziwekwe vibandani, msafiri azishike huku akisubiri nyama iive. Mkandarasi wa barabara, kabla ya kuanza kipande chochote, awakalishe vibarua wake na mtaalamu wa makavazi kwa nusu siku.

Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti makavazi kama sehemu ya shughuli za utamaduni, huku mambo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo kila upande una mahali pa kumsukumia mwenzake mzigo. Wakazi wa Gilgil wana nafasi ya kuuliza hayo katika vikao vya maoni ya umma kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa, na wauza nyama wa Kikopey, ambao riziki yao inategemea gari kusimama, wana sababu ya kuketi viti vya mbele.