TAARIFA YA TAWI: DENI NI LA MTU MMOJA, NAMBA ZA KWENYE SIMU NI ZETU SOTE

Ndugu wanachama,

Taarifa hii ni ndefu kuliko tulivyozoea. Tunaomba muisome hadi mwisho, na wenye vitochi wasomewe na majirani, maana jambo lenyewe limewagusa hata wao wasio na simu janja.

Jumanne usiku wengi wetu tulipokea ujumbe kutoka namba tusizozijua. Ulikuwa na jina na picha ya mwenzetu, mama anayekaanga samaki, ambaye ndiye mweka hazina wa kinamama wa tawi. Uliandikwa kwamba ni mwizi, amekimbia na fedha, na kwamba sisi tuliopokea ndio wadhamini wake, hivyo tumwambie alipe kabla ya saa sita mchana. Tuliopokea tulikuwa zaidi ya arobaini. Alipokea mwenyekiti wa tawi. Alipokea imamu. Alipokea mwalimu wa mtoto wake. Alipokea hata fundi aliyemchomelea jiko miaka miwili iliyopita.

Kabla ya alfajiri ujumbe ule ulikuwa umerushwa kwenye grupu la tawi mara nne. Asubuhi mwenzetu akajitoa kwenye grupu. Mchana baadhi ya wanachama wakaanza kuuliza kama mtu wa namna hiyo anafaa kuendelea kushika fedha za wenzake.

Kamati ya Tawi imekaa, imemsikiliza, na haya ndiyo maoni yetu. Yeye mwenyewe ameridhia tueleze kilichotokea bila kutaja jina lake.

*Kwanza, fedha za kinamama zipo*

Tumekagua daftari mbele ya wajumbe watano, tukalinganisha na salio la laini ya kikundi. Kila shilingi ipo. Hakugusa fedha za kikundi hata siku ambayo mwanawe alikuwa amelazwa na yeye hana nauli ya kwenda kumwona. Tunaomba mlitafakari hilo. Angeweza kuchukua elfu hamsini na kuzirudisha kimyakimya, na sisi tusingejua. Badala yake alikwenda kukopa kwingine. Mtu anayeitwa mwizi kwenye simu zetu ni huyo.

*Alikopaje?*

Mtaji wake wa samaki uliishia hospitalini. Mtoto alipotoka, hakuwa na kitu cha kurudi nacho Feri alfajiri. Akaona tangazo kwenye simu: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Akabonyeza kiungo, programu ikaingia. Ikaomba namba ya NIDA na picha ya uso, kisha ikaanza kuomba ruhusa: majina na namba zilizomo kwenye simu, ujumbe mfupi, picha, mahali alipo. Akabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu. Nani kati yetu husoma yale maandishi?

Akaambiwa amepata 100,000. Zilizoingia zilikuwa 75,000, nyingine zikakatwa juu kwa juu na kuitwa ada ya huduma. Alitakiwa arudishe 100,000 ndani ya siku 7.

Tufanye hesabu. Alipewa 75,000, akatakiwa aongeze 25,000 juu yake. Hiyo ni theluthi nzima ya alichopewa, kwa wiki moja. Kikomo cha riba ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni wasiopokea amana ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 75,000 hiyo ni shilingi 2,625 kwa mwezi mzima. Kati ya 2,625 na 25,000 ndipo kuna maana ya lile jina tunaloyaita mikopo hii: kausha damu.

Siku ya saba hakuwa nazo zote. Akapakua programu ya pili ili alipe ya kwanza. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Safari hii matanga yameletwa mpaka kwenye simu zetu.

*"Si alikopa? Alipe!"*

Tumewasikia wanaosema hivyo, na hatuwapuuzi. Dawa ya deni ni kulipa. Tawi hili halitamfundisha mtu kukimbia deni. Mwenzetu amekubali kurudisha kiasi alichopokea pamoja na nyongeza ya halali, na tutamsindikiza katika hilo.

Lakini deni ni jambo moja, na daftari la majina yetu ni jambo jingine. Mangi wa duka la pale kona anatukopesha sukari na sabuni miaka yote. Ana daftari lake. Tukichelewa anatukumbusha, pengine anatununia, pengine anagoma kutupa tena. Hajawahi kusimama msikitini au kanisani kusoma majina ya wadaiwa. Hajawahi kumfuata mwalimu wa mtoto wetu. Hata angetaka, angewezaje kuwafikia watu arobaini usiku mmoja? Simu ndiyo iliyoweza.

Hapa ndipo tunataka tuelewane. Namba ya imamu haikuwa mali ya mwenzetu kuitoa. Namba ya fundi haikuwa mali yake. Namba zetu sisi hatukumpa azigawe. Alipobonyeza ruhusu, aliruhusu kwa niaba ya watu arobaini ambao hawakuulizwa. Na kila mmoja wetu mwenye simu janja amekwishafanya hivyo kwa wengine, kwa programu hii au ile, ya mkopo, ya mchezo au ya kupamba picha. Mzee wetu mwenye kitochi, ambaye hajawahi kugusa intaneti maishani mwake, namba yake imo humo, kwa sababu sisi tumeihifadhi.

Kwa hiyo tukimcheka huyu mama, tunacheka mlango ambao sisi wenyewe tumeuacha wazi.

*Sheria inasemaje?*

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kumtisha na kumnyanyasa mtu kwa mtandao. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo ikataja hadharani programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Majirani zetu Kenya, katika kanuni zao za mwaka 2022, wameandika waziwazi kwamba mkopeshaji haruhusiwi kuingia kwenye majina ya simu ya mteja ili kuwatumia watu ujumbe mteja anapochelewa kulipa.

Hata duka la programu la Google limeweka masharti. Tangu mwisho wa Mei 2023, programu za mikopo binafsi haziruhusiwi kuchukua majina wala picha za mteja. Kwa jumla haliruhusu pia mkopo binafsi unaotakiwa kulipwa wote ndani ya siku 60 au pungufu. Ndiyo maana baadhi ya programu hizi huletwa kwa kiungo cha ujumbe na siyo dukani. Ukiona mkopo wa siku 7 unaletwa kwa kiungo, hiyo peke yake ni dalili ya kutosha.

Basi sheria zipo. Lakini orodha ya programu 69 ni ya majina, na jina la programu hubadilishwa kama mtu anavyobadilisha kibao cha duka. Tunaiomba Serikali isiishie kwenye majina ya programu, ifuate na laini zinazotuma matusi na akaunti zinazopokea marejesho. Laini nchini zinatakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole. Mwenzetu alitukanwa na namba sita, na namba hizo ziko kwa mtu fulani mwenye jina.

*Na sisi Chama tunasemaje?*

Hapa tujiseme wenyewe, maana mficha maradhi kifo humfichua.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Tunaisema kwenye kila mkutano, tunaipigia makofi. Lakini tumwulize mkaanga samaki wetu: alipokuwa anatafuta 75,000 ya kurudi Feri kesho yake, mkopo huo ungemfaa nini? Unataka kikundi, katiba ya kikundi, akaunti, fomu, barua ya mtaa, kisha kusubiri. Ni mkopo mzuri kwa anayepanga. Siyo mkopo wa mtu aliyekwama saa tatu usiku. Pengo hilo tumeliacha wazi, na kausha damu ameliona kabla yetu.

Jingine ni letu kabisa. Mwezi uliopita daftari la wanachama lilipigwa picha kurasa kumi na moja, lenye majina, namba za simu na namba za kadi, likawekwa kwenye grupu lenye watu zaidi ya mia mbili. Hatujui zile picha zimefika wapi. Hatuwezi kumnyooshea kidole mkopeshaji kwa kuchukua majina ya watu, wakati sisi tunayaanika kama dagaa.

Na la mwisho ni wale wanne waliorusha ujumbe. Hatutawataja. Wawili wamekwishakwenda kwa mwenzetu kumwomba radhi. Mkopeshaji hakuwa na uwezo wa kuingia kwenye grupu letu. Sisi ndio tuliomfungulia.

*Maamuzi ya Kamati*

1. Mweka hazina wa kinamama anaendelea na kazi yake. Aliyemchagua ni mkutano wa kinamama, na hataondolewa na ujumbe wa namba isiyojulikana. Mwenyekiti wa tawi amemwomba arudi kwenye grupu, naye amekubali.

2. Ujumbe wowote wa kumdhalilisha mwanachama kwa ajili ya deni usirushwe, hata kwa nia ya "kuuliza kama ni kweli". Upige skrinshoti inayoonyesha namba na saa, mtumie Katibu Mwenezi peke yake, kisha mpigie simu mwenzako umjulie hali.

3. Skrinshoti zilizokusanywa, pamoja na zile namba sita, zinapelekwa polisi na kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Waliopokea ujumbe nao ni walalamikaji kwa haki yao, maana namba zao ndizo zilizochukuliwa. Tunahitaji watu wasiopungua kumi watakaokubali kuandika. Mwenyekiti ameshajiandikisha wa kwanza.

4. Picha zote za daftari la wanachama zifutwe kwenye simu zenu leo. Kuanzia sasa daftari linakaa kwa Katibu wa Tawi, na halipigwi picha.

5. Jumapili baada ya kikao, vijana wetu wawili watakaa na yeyote mwenye simu janja kumwonyesha sehemu ya ruhusa za programu, na jinsi ya kuzima ruhusa ya majina, ujumbe na picha. Mjue pia kwamba kuifuta programu hakufuti nakala ya majina iliyokwisha kuchukuliwa. Kwa hiyo afadhali kuzuia mapema. Kabla ya kukopa popote mtandaoni, muulize Mwenezi aangalie kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu.

6. Kinamama wamependekeza mfuko wa dharura wa tawi: elfu moja kwa wiki kwa atakayependa, mkopo usiozidi 80,000, bila riba, kulipwa ndani ya miezi miwili. Kamati inaunga mkono. Vijana na wazee wanakaribishwa. Hautamaliza shida zote, lakini elfu sabini na tano ya kurudi Feri utaiweza.

7. Tumemwandikia diwani wetu atueleze kwenye mkutano ujao ni vikundi vingapi vya kata hii vimeomba mkopo wa asilimia 10, vingapi vimepata, na ombi huchukua siku ngapi. Tunataka majibu yenye tarakimu.

Ndugu wanachama, tunajua wapo wengine humu ambao simu zao zinaita na hawapokei. Tunajua wapo waliokwisha kubadilisha laini. Hatuwaulizi majina. Tunawaambia tu kwamba mlango wa ofisi ya tawi uko wazi Jumatano na Jumamosi jioni, na kwamba ujumbe wa matusi utakaotufikia kuhusu wewe utaishia kwetu. Kinachompa nguvu mkopeshaji wa namna hii ni hofu yako kwamba sisi tutacheka. Tusipocheka, ujumbe wake kwa watu arobaini unabaki kuwa ushahidi arobaini dhidi yake.

Mama yetu amerudi Feri tangu Ijumaa. Samaki wake wapo pale pale, jioni, karibu na kituo cha bodaboda. Mkipita, nunueni.

Imetolewa na Katibu Mwenezi,
kwa niaba ya Kamati ya Tawi.

_Taarifa hii inaweza kusambazwa. Majina ya watu hayamo, na tunaomba yasiongezwe._